Poka: inua mchezo wako wa siku mbaya

Kiti kimoja cha poka hukaliwa na watu wawili. Wa kwanza amelala vizuri, anahesabu, anatupa karata mbovu bila kinyongo. Wa pili ameshapigwa mara tatu na karata ya mwisho, ni saa nane usiku, na anataka hela yake irudi kabla hajalala. Wote wawili ni wewe. Anachochuma wa kwanza kwa wiki tatu, wa pili anaweza kukimaliza kwa saa moja.

Wengi wanaotaka kupanda kiwango hutafuta mbinu mpya za kumpa yule wa kwanza. Nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu. Mbinu nilizipata, mtaji haukukua. Ulianza kukua nilipogeuka na kumshughulikia yule wa pili: nimzuie asikae mezani, na akikaa asipate nafasi ya kuharibu mengi. Hesabu na ujuzi vimo katika mwongozo huu, ila nimevipanga vikufae siku ambayo kichwa hakijatulia, maana siku nyingine utacheza vizuri hata bila mimi.

Nazungumzia Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau. Kila mchezaji hupewa karata 2 za siri, na mezani hufunuliwa 5: tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano. Fungu ni fedha yote iliyokusanyika katikati. Dau la lazima ni lile ambalo wachezaji wawili huliweka kabla karata hazijagawiwa, moja dogo na moja kubwa. Hilo kubwa ndilo kipimo chetu, na kiingilio kamili cha meza ni madau makubwa 100. Karata yenye A nitaiita ree, yenye K mfalme, yenye Q malkia. Kama sheria ya unakoishi hairuhusu kucheza kwa fedha, au umri haujafika, cheza kwa chipu tupu, yaani vibao vya dau visivyo na thamani ya fedha. Karibu yote yaliyomo humu yanafanya kazi vilevile.

Hatua ya 1: Tenga mtaji kabla hujajifunza kitu kingine

Mtaji wa poka ni fedha ambayo ikiteketea yote leo, kodi ya nyumba, ada za watoto na chakula havitaguswa. Iweke mahali pake, isichanganyike na fedha ya matumizi. Kwa meza za kawaida usikae mahali ambapo mtaji wako haufiki viingilio 30. Kwa mashindano, ambako mara nyingi hata mchezaji hodari hutoka mikono mitupu, uwe na viingilio 100.

Kisha andika sheria ya kushuka. Yangu ni hii: mtaji ukishuka hadi viingilio 20 vya meza ninayocheza, nashuka meza ya chini siku hiyohiyo, sisubiri kesho. Iandike sasa hivi ukiwa umetulia, kwa sababu siku itakapohitajika utakuwa na sababu kumi nzuri za kutoifuata.

Stu Ungar alitwaa ubingwa wa shindano kuu la World Series of Poker mara 3: mwaka 1980, 1981 na 1997. Wengi waliocheza naye husema hawajaona kipaji kama chake. Zawadi ya kwanza mwaka 1997 ilikuwa dola milioni 1. Novemba 1998 alikutwa amekufa katika chumba cha moteli mjini Las Vegas, ana miaka 45, hana mali. Poka haikumshinda. Kilichommaliza ni dawa za kulevya, na fedha zake ziliishia kwenye kamari nyingine alizozicheza nje ya meza ya karata. Nikimfikiria mtu yule huwa naumia, na ndiyo sababu hatua hii nimeitanguliza mbele ya hesabu.

Hatua ya 2: Punguza karata unazoingia nazo

Karata 2 za siri zinaweza kuja kwa namna 1,326. Ree mbili huja wastani wa mara 1 kati ya 221, na jozi yoyote mara 1 kati ya 17. Karata zisizo jozi huambulia jozi au zaidi kutoka zile tatu za kwanza mara 1 tu kati ya 3. Maana yake kukosa ndiyo kawaida, na anayeingia na kila kitu analipia kukosa huko kila wakati.

Meza ya watu sita, ukiwa wa kwanza kuamua, ingia na takriban asilimia 15 ya karata zilizo bora. Ukiwa kwenye kiti cha mgawaji, ambapo baada ya karata za kwanza kufunuliwa wewe ndiye unayeamua wa mwisho, unaweza kufika asilimia 40 au kuzidi kama wote wa mbele wamejitoa. Anayeamua mwisho ameshaona wenzake walichofanya. Anayeamua kwanza anapapasa gizani. Mengine ya nafasi utayaona mwenyewe ukishaanza kukaa mahali pazuri.

Ugumu wa hatua hii ni uchovu wa kusubiri, wala si akili. Zoezi: kwa wiki moja, kila unapoingia mchezoni, jiambie sababu kwa maneno matatu kabla hujagusa chipu. "Jozi, nafasi nzuri." "Ree, mpinzani mlegevu." Maneno yakikataa kuja, tupa karata.

Hatua ya 3: Hesabu moja, ifanye hadi iwe pumzi

Mpinzani akiweka dau, swali ni moja: nalipa kiasi gani ili kushinda kiasi gani? Fungu lina 100, ameweka 50. Unalipa 50, na fungu zima baada ya kulipa litakuwa 200. Hamsini kwa mia mbili ni asilimia 25. Ukiwa na nafasi zaidi ya hiyo ya kushinda, kulipa kunafaa. Akiweka dau linalolingana na fungu zima, unahitaji asilimia 33. Akiweka theluthi ya fungu, asilimia 20. Hizi tatu zikariri, zitakutosha kwa mengi.

Upande wa pili ni kuhesabu karata zinazokuokoa. Ukiwa na kopa nne ukingoja ya tano ili ukamilishe rangi, yaani karata tano za alama moja, zimebaki kopa 9. Ukihitaji kukamilisha mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana, ulio wazi pande zote mbili, zimebaki 8. Mfululizo uliokosa karata ya katikati una 4 tu. Zidisha idadi hiyo kwa 2 upate asilimia ya karata moja ijayo, au kwa 4 ukiwa utaziona zote mbili zilizobaki.

Hapo kwenye kuzidisha kwa 4 ndipo wengi huumia, mimi nikiwa mmoja wao kwa mwaka mzima. Tuiangalie kwa karibu. Una 8 na 7 za kopa. Mezani kuna mfalme wa kopa, 4 ya kopa na 2 ya shupaza. Fungu ni 100, mpinzani ameweka 60. Unalipa 60 kupata fungu la 220: unahitaji asilimia 27. Kopa 9 mara 4 ni asilimia 36, kwa hiyo unalipa kwa furaha.

Lakini umehesabu karata mbili na umelipia moja. Ya nne ikikukosa, mpinzani ataweka dau jingine, na kuiona ya tano utalipa upya. Kwa 60 hizi umenunua karata moja tu: 9 kati ya 47 usizoziona, yaani asilimia 19. Haitoshi. Ili kulipa kuwe na maana, kila unapoipata kopa lazima umtoe mpinzani takriban 95 zaidi kwa wastani katika raundi zinazofuata. Kama ni mtu anayeshikilia jozi yake hadi mwisho, atazitoa. Kama ni mwoga anayejitoa akiona kopa tatu mezani, hatoi, na wewe tupa. Kuzidisha kwa 4 kunafaa pale tu chipu zote zimeshaingia na hakuna dau jingine litakalokuja.

Fanya mazoezi ya hesabu hizi ukiwa nje ya meza, dakika 15 kwa siku, kwa karata za kawaida ulizotandaza mwenyewe. Lengo ni kwamba saa nane usiku, ukiwa umechoka, jibu lije bila kuombwa.

Hatua ya 4: Acha kutafuta karata moja mkononi mwa mpinzani

"Ana ree na mfalme, najua." Hujui. Unachoweza kujua ni safu ya karata anazoweza kuwa nazo, na safu huhesabika. Jozi ya aina moja, kama wafalme wawili, huja kwa namna 6. Karata mbili tofauti, kama ree na mfalme, huja kwa namna 16. Kila karata unayoiona mezani au mkononi mwako hupunguza idadi hizo.

Chukua mfano. Una ree mbili. Mezani kuna mfalme, 7, 2, 9 na 4, hakuna aliyekamilisha rangi wala mfululizo. Mpinzani mtulivu anaweka dau kubwa, sawa na fungu zima, na unamfahamu: hafanyi hivyo ila ana ree na mfalme, au wafalme watatu, au saba tatu, au mbili tatu. Wafalme wamebaki 3, ree zimebaki 2 kwa sababu mbili unazo wewe, kwa hiyo ree na mfalme ni namna 6 tu. Wafalme watatu ni namna 3, saba tatu 3, mbili tatu 3: jumla 9. Unamshinda mara 6 kati ya 15, asilimia 40. Dau la ukubwa wa fungu linahitaji asilimia 33. Unalipa.

Angalia kilichotokea hapo: umelipa ukijua utafungwa mara nyingi kuliko utakavyoshinda, na umefanya sawa. Mtu ambaye hajalielewa jambo hili hadi mifupani hawezi kuwa na nidhamu ya kudumu, kwa sababu kila akifungwa atadhani amekosea, na kila akishinda atadhani amepatia.

Hatua ya 5: Daftari

Nunua daftari la karatasi. Ukicheza kwa simu au kompyuta, programu itakutunzia kumbukumbu za kila mchezo, na hilo ni jema, lakini haiwezi kuandika ulichokuwa unafikiri. Baada ya kila kikao chagua michezo mitatu iliyokutatiza, na mmoja wao uwe ule ulioshinda. Andika nafasi yako, karata zako, ukubwa wa fungu, safu uliyompa mpinzani, na sababu ya uamuzi. Matokeo yaandike ukurasa wa nyuma. Ndiyo, wa nyuma. Ukija kusoma siku inayofuata usiyaone kabla hujahukumu uamuzi wenyewe.

Ukurasa mmoja wa daftari langu unasomeka hivi: "Nafasi ya mwisho, jozi ya malkia na tano ndogo mezani. Aliyekuwa anafuata tu tangu mwanzo amepandisha dau kwenye karata ya tano. Nimelipa. Sababu: nilitaka kuona." Niliposoma kurasa za miezi miwili kwa pamoja nikakuta "nilitaka kuona" imejirudia kila mahali, daima kwenye karata ya tano, daima dhidi ya watu wapole walioamka ghafla. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia hilo. Tangu siku ile mtu mpole akipandisha dau kwenye karata ya mwisho, jozi moja naitupa, na ni kosa lililonirudishia fedha nyingi kuliko jingine lolote nililolisahihisha.

Kwa kila saa mbili za kucheza, toa walau nusu saa ya daftari. Mpate mwenzako mmoja wa kiwango chako au zaidi, mbadilishane kurasa. Programu za kukokotoa mchezo bora zipo na zinafaa, ila zitumie kujibu swali ulilokuja nalo. Anayezifungua bila swali hutoka na michoro mizuri kichwani na mchezo uleule.

Hatua ya 6: Mori ukipanda

Mori haupandi ghafla. Mwili huanza kutoa taarifa, na kila mtu ana zake. Mimi mguu wa kulia hutikisika, na mkono hushika chipu kabla zamu haijafika. Mwingine huanza kuongea sana, mwingine hunyamaza. Keti na ujichunguze kwa kikao kimoja, uandike dalili zako mbili.

Kisha jifunge kwa sheria zisizohitaji busara ya wakati ule:

- Ukipoteza viingilio 2 katika kikao kimoja, unaondoka. Hata kama meza ni nzuri, hata kama mbele yako ameketi mchezaji dhaifu kuliko wote.
- Muda wa kuondoka unapangwa kabla ya kukaa. Saa tatu zinatosha kwa mtu anayefanya kazi mchana.
- Dalili ya kwanza ikionekana, kaa nje ya mizunguko miwili, simama, tembea, kunywa maji. Ya pili ikionekana, kikao kimekwisha.
- Pombe na poka ya fedha havikai meza moja.

Kabla ya kuamua dau lolote kubwa, hesabu pumzi tatu. Fanya hivyo hata pale jibu liko wazi, ili isiwe alama kwa wapinzani, na ili siku ya hasira mwendo uwe uleule.

Nilipoteza robo ya mtaji wangu usiku mmoja. Mpinzani alilipa dau langu lote akiwa na karata mbili tu zinazomwokoa, na moja ikaja. Hapo sikuwa nimekosea chochote. Makosa yote yalikuja baadaye: nilihamia meza kubwa mara mbili ya niliyoizoea, nikaanza kuzuga watu wasiojua hata kutupa karata, nikaondoka alfajiri. Kilichonigharimu si ile karata moja. Ni saa nne zilizofuata, na sheria ya viingilio 2 ingezifuta zote.

Neno zito kidogo. Ukijikuta unakopa ili ucheze, unamficha mwenzi wako kiasi ulichopoteza, au unashindwa kukaa siku mbili bila kucheza, huo si mori na hakuna daftari litakaloutibu. Acha kabisa, mwambie mtu unayemwamini, tafuta mshauri wa uraibu wa kamari. Ninasema hivi kwa upendo wote.

Hatua ya 7: Jua bahati ina urefu gani

Tuseme wewe ni mzuri kweli: kwa kila michezo 100 unapata faida ya madau makubwa 5 kwa wastani. Katika mchezo huu matokeo ya michezo 100 huyumba kwa madau takriban 90 kwenda juu au chini. Ukipiga hesabu, baada ya michezo 10,000 unatarajia faida ya 500, lakini mtikisiko wake ni 900. Mchezaji huyu mzuri ana nafasi ya karibu asilimia 29 ya kuwa bado yuko kwenye hasara. Baada ya michezo 100,000 nafasi hiyo hushuka hadi karibu asilimia 4.

Ndiyo maana Januari 2017, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kilipoipambanisha programu yake ya kucheza poka iitwayo Libratus na wachezaji wanne wa kulipwa, walicheza michezo 120,000 kwa siku 20. Walijua michezo elfu chache isingethibitisha kitu. Wewe mezani ana kwa ana unapata pengine michezo 30 kwa saa. Kuhukumu uwezo wako kwa matokeo ya wikendi moja ni kupima bahari kwa kikombe.

Kwa hiyo jipime kwa vitu vilivyo mikononi mwako. Mwisho wa wiki jaza mistari minne: Je, niliondoka kwa wakati? Mara ngapi niliingia bila sababu? Mara ngapi nililipa bila kuhesabu? Nusu saa za daftari nilizitimiza? Idadi ya makosa ikipungua mwezi hadi mwezi unapanda, hata kama mtaji bado haujakubali.

Usisahau ada inayokatwa na wenye meza. Meza za chini hukata sehemu kubwa ya fungu ukilinganisha na dau, kwa hiyo haitoshi kuwazidi wenzako kidogo. Chagua meza yenye wachezaji wanaolipa ovyo. Ukikaa nusu saa usimwone hata mmoja unayemzidi waziwazi, hama.

Hatua ya 8: Kupanda meza

Mtaji ukifika viingilio 30 vya meza ya juu, na mistari minne ya wiki imekuwa safi kwa walau mwezi, jaribu. Chukua viingilio 3 tu kwa ajili ya jaribio. Nenda mchana, siku uliyolala vizuri, na cheza karata chache kuliko kawaida kwa saa ya kwanza huku ukiwasoma watu: nani hulipa, nani hujitoa, nani hupandisha akiwa na kitu kweli. Viingilio vitatu vikiisha, rudi chini siku hiyohiyo, jaza daftari, jenga upya. Mimi nilirudi mara nne kabla meza ya pili haijanikubali, na kurasa za safari hizo nne ndizo ninazozisoma hadi leo kila nikijiandaa kupanda tena.